Kivuli Kilichohama Shari

Shari, Bunia
11 Januari 2009

Mdogo wangu Charlotte,

Sijui nianze na salamu au na ugomvi. Lori la Théodore limefika kutoka Kisangani, likarudi, likafika tena. Limeshusha mawese, limeshusha mchele, na mimi nimesimama pale kama mwanamke anayengoja mume, lakini kutoka kwako hakuna hata karatasi ya kufungia sabuni. Usiniambie nipige simu. Simu yangu ni ya kubipu tu, na neno nililo nalo ni refu.

Huku tuko wazima. Vita imelala, nasi tunatembea polepole tusiiamshe. Kiti cha mama yako kiko palepale karibu na dirisha, na sijamruhusu mtu akikalie. Juzi shemeji yangu alijaribu. Nikamwambia, kiti hiki kilikimbia vita kutoka Bule juu ya kichwa cha mwanamke aliyeacha sufuria na godoro akaokoa kiti, kwa hiyo wewe mwenye matako ya kawaida utakaa mkekani. Alicheka, akakaa mkekani.

Sasa neno lenyewe. Jakaranda za mbele ya kituo cha afya zinaumwa. Zinakauka kuanzia juu, na majani yanapukutika kabla ya wakati wake. Unajua mama wenye watoto wagonjwa hungojea wapi zamu yao. Ndani, chini ya manjanja ya bati, jua likishapanda mtoto mwenye homa anazidi kuungua. Kwa hiyo tunakaa nje chini ya miti, watu wa juu ya avenyu na watu wa chini ya avenyu, waliowindana wakati wa vita, kwenye benchi moja, kwa sababu kivuli kingine hakipo. Miti mingine yote ilichomwa ikawa makala ya kupikia wakati wa vita. Muuguzi bado anatundika mizani ya watoto kwenye lile tawi nene, na kamba imekwisha kuchimba mfereji katika ubao wake.

Wewe mtoto wa juu uliyelelewa na mama yangu wa chini, sina haja ya kukueleza. Sokoni kila mtu ana upande wake. Kwenye misa ni vilevile, Mungu atusamehe. Ni pale kituoni tu ndipo Dorothée wa juu humshikia Clarisse wa chini mtoto wake anapoingia kuchukua dawa. Miti ikifa, naogopa kuona watu watakavyokaa.

Wewe umesoma miti, na sasa unafanya kazi kwenye mradi wa miti. Tuambie dawa yake.

Dada yako,
Honorine


Kisangani
25 Januari 2009

Yaya Honorine,

Umenichapa, na nimestahili. Kazi imenimeza mzima mzima. Huku joto halina huruma, na ofisi yetu ina mashine ya baridi moja tu, iko kwa bwana mkubwa. Sisi wengine tunajipepea na mafaili.

Barua yako nimeisoma nikaona benchi lile, na Dorothée, na mizani. Jakaranda hazijafa bado, usilie matanga mapema. Fanyeni hivi. Ng'oeni misumari na nyaya zote kwenye mashina. Mtu asichome tena takataka chini yake. Katazeni wanaochuna magome kwa ajili ya dawa, hata wakiwa wazee wa kanisa. Udongo umekanyagwa ukawa kama sakafu, mizizi haipumui. Ulegezeni kwa jembe, lakini msichimbe sana, kisha majani mnayofagia yarudisheni yaufunike. Mwagieni maji mbali kidogo na shina. Matawi yaliyokauka yakatwe kwa msumeno mkali, si kwa panga.

Na nina habari nzuri. Mradi wetu unakuja Bunia. Utapanda miti ya kivuli mjini, na nimesema mbele ya wakubwa kwamba Shari iwe ya kwanza, kwa sababu penye manjanja mengi na miti michache ndipo watu wanapoungua. Théodore atawaletea miche midogo ndani ya mifuko. Ilindeni karibu na chemchemi mpaka mvua zishike, kisha tutaipanda kituoni na kando ya avenyu yote.

Sijasahau, Yaya. Sijasahau jiko la mama yako, na magunia ya mahindi, na mimi na mama nyuma yake tukisikia viatu vya watu wakipita uani. Mtu wa chini hakuwa na sababu ya kutuficha sisi wa juu. Acha nilipe kwa miti.

Kiti usimpe mtu.

Mdogo wako,
Charlotte


Shari, Bunia
22 Februari 2009

Mdogo wangu,

Ungekuwepo Jumamosi kwenye salongo, kazi ya mtaa mzima, ungecheka mpaka ushike mbavu! Shefu wa avenyu alipiga filimbi, tukatoka na majembe, tukaanza na misumari. Tulitoa msumari wa kalenda, wa tangazo la mganga wa nguvu za kiume, wa picha za wagombea walioahidi barabara. Mama Vahwere aligombana nasi kwa sababu shina la mwisho ndilo jalala lake la moto tangu aolewe. Tukamwambia achome mbele ya mlango wake, kama moshi ni mtamu. Alinuna, halafu akaleta jembe.

Miche ilifika salama. Tumeipanga karibu na chemchemi chini ya kichanja cha nyasi. Mwanzo kila upande ulipanga zamu yake ya kumwagia. Kusema kweli ilikuwa kulindana, kila mtu aliogopa mwenzake asiiue miche halafu aseme ni sisi. Sasa wanakuja pamoja na bido zao za kuchotea, na maji yanachelewa kwa sababu ya maneno. Clarisse na Dorothée wamefikia hatua ya kunisengenya mimi, nimesikia kwa masikio yangu nikafurahi.

Na jakaranda zimechipua. Zimechipua, Charlotte! Majani mabichi mpaka kwenye matawi tuliyodhani yamekufa. Dorothée alisimama chini akaangalia juu, akasema, "Hii miti iko na moyo kupita siye."

Agronomu wenu, bwana shamba Christian, alipita. Alipiga picha nyingi, picha za sisi na bido hasa. Nilimuuliza miche itapandwa lini akasema, "Mama Charlotte ndiye anajua." Basi nakuuliza wewe. Tumekwisha kuchagua mahali pa kuchimba mashimo, kila mama na shimo lake.

Dada yako,
Honorine


Kisangani
15 Machi 2009

Yaya mpenzi,

Pole kwa kuchelewa. Nilikuwa na homa, halafu mikutano, halafu homa ya mikutano.

Nimeona picha za Christian. Mmefanya kazi kubwa, na wakubwa wameziweka ukutani. Lakini lazima nikuambie jambo gumu. Jakaranda zile zimeoza ndani. Najua zimechipua, usinijibu hivyo. Mti unaokufa hufanya hivyo, hutoa majani kwa hofu. Siku ya upepo tawi litavunjika juu ya benchi, na sitaki kusikia jina la mtoto. Inabidi zikatwe kabla ya kupanda mipya. Miche itafuata wiki ileile.

Nakuomba uwaambie watu wewe mwenyewe. Wakisikia kwa shefu watasema ni siasa. Wa chini wakisikia kwa wa juu watasema wanaonewa, na wa juu vilevile. Wewe wanakuamini wote, kwa sababu nyumba yenu haikuuliza mtu anatoka upande gani. Niamini kama nilivyokuamini nyuma ya magunia yale.

Mdogo wako,
Charlotte


Shari, Bunia
5 Aprili 2009

Charlotte,

Nimefanya ulivyosema.

Niliwakusanya kwenye benchi. Hakuna aliyetaka. Mama Vahwere, yule wa jalala, alilia. Dorothée akaniuliza mbele ya watu wote, "Weye umeona ile kuoza na macho yako?" Nikamwambia hapana, lakini mdogo wangu ameona, na mdogo wangu amesoma. Akasema, "Sawa. Siye tunashika neno lako, haiko la mradi." Ndivyo walivyokubali.

Vijana wa msumeno walikuja Jumanne. Sikupenda kutazama lakini nilikaa, kwa sababu mimi ndiye niliyesema. Zilipoanguka tulikwenda kuangalia visiki, sote, wa juu na wa chini. Ndani ni peupe kama muhogo uliomenywa. Tulipita kisiki hadi kisiki tukitafuta kuoza. Clarisse aliingiza kidole mahali akasema labda ni hapa, na ilikuwa tope.

Najiambia labda kuoza kulikuwa kwenye mizizi. Niambie kulikuwa kwenye mizizi. Nitawaambia, na watanielewa.

Magogo na matawi yote yamechukuliwa na gari la mradi, hata kuni za kupikia uji hatukuachiwa. Mizani sasa imetundikwa kwenye fremu ya mlango, na watoto wanapimwa katika joto la manjanja wakipiga kelele. Mashimo tumekwisha kuchimba. Mvua zimeshika vizuri. Nitumie siku.

Honorine


Shari, Bunia
26 Aprili 2009

Charlotte,

Théodore anasema alikukabidhi barua yangu mkononi. Basi unajua kusoma, na jibu halikuja. Nitakueleza yaliyotokea, labda wewe utanieleza maana yake.

Lori la mradi lilikuja chemchemini Jumatano. Tulishangilia. Tulipakia miche sisi wenyewe, mmoja mmoja, tukishika mfuko chini ili udongo usimwagike, na Dorothée akaanza wimbo. Lori lilipojaa tulitangulia mbio kwa njia ya mkato ili tulikute kituoni. Kila mama alisimama kando ya shimo lake. Tuliliona linakuja, tukanyoosha mikono. Lilipita. Dereva hakupunguza hata mwendo. Clarisse aliinama kuangalia shimo lake, kama mtu aliyeangusha kitu ndani.

Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, nikalifuata mpaka katikati ya mji. Miche yetu inapandwa kwenye barabara kubwa, mbele ya ofisi za wageni na majumba yenye kuta ndefu, ambako mtu anatoka kwenye mashine ya baridi ya nyumba anaingia kwenye mashine ya baridi ya gari. Hao ndio wenye joto, kumbe! Kila mche umezungushiwa uzio wa mbao mpya, mbuzi wasiule. Nikashika ubao mmoja nikainama kuutazama mche. Mkono wangu uliingia kwenye mfereji. Ule mfereji wa kamba ya mizani, Charlotte. Umelainika kama unavyoujua. Nimemtundikia hapo kila mtoto niliyemzaa.

Christian alikuwa pale. Nilimuuliza kwa upole, Mungu ni shahidi wangu. Akanijibu bila aibu: "Mama, usinikasirikie miye. Ni Mama Charlotte alituambia. Alisema watu ya Shari, leo iko, kesho walisha kimbia. Miti itabaki na nani?" Nikamuuliza, na jakaranda? Akasema, "Mbao ya uzio ilikosekana. Ile ilikuwa karibu."

Sikurudi na moto. Nilitembea.

Unataka kujua watu wamekaaje? Kimebaki kivuli cha ukingo wa paa la kituo, chembamba, hakitoshi benchi. Ijumaa Dorothée alikuwa pale na mtoto wake mwenye homa, Clarisse akaja na wake mwenye degedege. Mmoja alisema sogea. Mwingine akasema mimi nimefika kwanza. Kisha Dorothée akasema, "Nyiye watu ya chini mulizoea kukamata ya watu," na Clarisse akamjibu kwa neno la wakati wa vita, lile ambalo tangu amani sikulisikia tena. Siliandiki. Muuguzi aliwatenganisha. Sasa wa juu wanakuja asubuhi na wa chini mchana, na mchana ukingo ule hauna kivuli.

Wananiuliza nimelipwa nini. Wa juu wanasema nimeuza miti yao. Wa chini wanasema nimewauza kwa mtoto wa juu tuliyemlea. Nikipita wananigeuzia mgongo.

Kulikuwa kwenye mizizi, Charlotte? Sema.

Honorine


Kisangani
10 Mei 2009

Yaya,

Tuliza moyo. Barua yako imeniumiza, na Christian hana adabu, nitamwambia.

Wewe uko Shari unaona Shari. Mimi nakaa kwenye meza ambako watu wanashika kalamu. Waliniuliza mbele ya wote: Mahali gani miti itabaki na watu wa kuitunza? Ningesema nini? Shari watu hukimbia. Mimi mwenyewe nilikimbia. Ningejibu vinginevyo, mradi wote ungekwenda mji mwingine, na Bunia ingekosa hata mche mmoja. Afadhali nusu shari kuliko shari kamili. Jakaranda zilikuwa za zamani, siku moja zingeanguka tu. Kivuli cha mjini ni cha kila mtu, hata mtu wa Shari anaweza kwenda kukaa pale. Kuna awamu ya pili, nitawapigania.

Sasa nisikilize, nimepata njia ya kuponya maneno haya. Tarehe 30 kuna sherehe ya kuzindua miti ya barabara kubwa. Wageni wanatoka mbali. Nimeomba mama wa Shari waje kuimba, wa juu na wa chini pamoja, wamevaa kitenge kimoja. Mradi utatoa vitenge. Wageni wakiona umoja ule watafungua mkono, na hapo nitataja Shari. Waandae, Yaya. Wewe ukiwaambia watakuja.

Nitafika siku mbili kabla. Nitalala kwako kama siku zote. Nimechoka na hoteli, nataka sombe yako ya majani ya muhogo, na kukaa kwenye kiti cha mama nikusikie ukinigombeza.

Mdogo wako,
Charlotte


Shari, Bunia
19 Mei 2009

Charlotte,

Barua yako niliisomea watu kituoni. Nilikwenda asubuhi nikawasomea wa juu, nikarudi mchana nikawasomea wa chini. Ni jambo la kwanza tangu miti ikatwe ambalo pande zote mbili zimenisikiliza mpaka mwisho. Vitenge hawataki. Dorothée alisema, "Muambie siye hatukimbie. Aje atuone tukiko." Clarisse, bila kujua mwenzake alisema nini, alisema karibu hivyohivyo. Sikumwambia. Bado hawasalimiani.

Unasema mtu wa Shari anaweza kwenda kukaa mjini chini ya ile miche. Umpeleke mtoto wa degedege huko, akae chini ya mche unaofika kiunoni, mbele ya geti la mlinzi mwenye fimbo, arudi lini kuchukua dawa yake? Na mizizi hukuitaja. Nilikuuliza mara mbili. Kwa hiyo nimeelewa kwamba ulijua, na uliponiambia nikuamini kama nyuma ya magunia, ulijua.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko miti. Miti tutapanda. Mama Vahwere ameokota mbegu za jakaranda kwenye majani tuliyofagia, amezifukia kwenye makopo. Lakini wewe ulichukua jiko la mama yangu ukalifanya panga. Siku mlipofika kutoka Bule, mama yako na kiti kichwani, wewe na miguu iliyochubuka, mama yangu hakuuliza kama mtakaa au mtakimbia kesho. Aliwapa maji. Angeuliza kwanza, usingekuwepo leo wa kukaa kwenye meza yenye kalamu ukasema watu wa Shari si wa kubaki. Mlipokimbia, Charlotte, kuna mtu alibaki. Mlikimbilia kwetu.

Nina hasira nawe, na nimelia, na nitakapokuona labda nitalia tena. Sikufichi.

Kuhusu kulala. Mlango wangu haujafungwa, sijui kuufunga, sikufundishwa. Sombe nitapika. Lakini kiti hakiko tena dirishani. Nimekibeba kichwani mimi mwenyewe, mchana, avenyu nzima ikiniona, nimekiweka kituoni kando ya kisiki cha ule mti wa mizani. Hakuna mtu aliyekikalia. Ahadi yako nimeitunza. Kinakaa juani tangu asubuhi mpaka jioni, na kamba zake zimeanza kupauka.

Ukishuka kwenye gari usije nyumbani kwanza. Nenda pale, ukikalie, ungoje zamu pamoja na wale mama mpaka muuguzi amalize mtoto wa mwisho. Mtu akikusemesha, mjibu. Wakikunyamazia, kaa. Kisha kibebe kichwani, uje tule.

Honorine, wa chini